Sikukuu Zikigongana Kenya: Jinsi ya Kujua Siku Gani Hamuingii Kazini na Nani Analipwa Dabo

Kila Disemba simu yangu haitulii. "Tunaingia Jumatatu ama hatuingii?" Nimejibu hili swali mara nyingi sana na bado watu wanakosea pale pale, wengine wanafunga duka siku ambayo si sikukuu, wengine wanaita watu kazini siku ambayo ni sikukuu kabisa halafu mwisho wa mwezi ni kelele. Sasa naandika yote mara moja. Fuata hatua kwa mpangilio huu huu, ukiruka moja utarudi kuniuliza.

Hii ni ya Kenya peke yake. Majirani wana sheria zao.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kwanza

- Kalenda ya mwaka unaoupanga, ya karatasi, yenye nafasi ya kuandika. Ya simu nitakwambia shida yake hapo chini.
- Orodha ya sikukuu kutoka Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110. Iko mtandaoni bure.
- Mkataba wa kazi wa kila mtu, na kama kuna chama cha wafanyakazi, ule mkataba wa pamoja.
- Agizo la mishahara la sekta yenu, yaani kanuni za serikali za malipo ya kazi. Kuna la jumla, halafu kuna sekta zina lake, kama walinzi, mahoteli na mashamba.
- Rota ya zamu, inayoonyesha ofu ya kila mtu.
- Penseli na kalamu. Vyote viwili, sio kimoja, utaona kwa nini.
- Kalkuleta.

## Hatua ya 1: Andika kwa kalamu siku zisizohama tarehe

Fungua kalenda uandike: 1 Januari, 1 Mei (Leba Dei), 1 Juni (Madaraka), 10 Oktoba (sasa ni Mazingira Dei, wengi bado wanaiita Moi Dei), 20 Oktoba (Mashujaa), 12 Disemba (Jamhuri), 25 Disemba na 26 Disemba. Ongeza Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, hizo tarehe zinabadilika kila mwaka lakini zinajulikana mapema na haziwezi kuangukia Jumapili.

Madaraka, Mashujaa na Jamhuri ziko kwenye Katiba yenyewe, Kifungu cha 9, ndio sikukuu za kitaifa. Zingine zinatokana na sheria ya Bunge. Kwa mpango wa zamu hakuna tofauti, ila ukisikia mtu anasema waziri amefuta Jamhuri Dei ujue hapo kuna uongo.

Umefaulu ukiona: siku 10 zimeandikwa kwa kalamu. Idd bado, subiri.

## Hatua ya 2: Tenganisha za Jumamosi na za Jumapili

Pitia zile siku moja moja. Iliyoangukia Jumapili izungushie duara. Iliyoangukia Jumamosi ichore mstari chini halafu uiache hapo hapo.

Hapa ndipo nusu ya watu wanaangukia. Sheria ya Kenya inahamisha sikukuu ya JUMAPILI peke yake. Ya Jumamosi haihami, haifidiwi, imekula kwenu. Ukiwa unafanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa inauma, najua, lakini ndivyo ilivyo. Mwaka 2026 kuna tatu za hivyo: 10 Oktoba, 12 Disemba na 26 Disemba zote ni Jumamosi.

Na kelele nyingi za Jumamosi zinatoka kwa kalenda za simu. Uingereza, Krismasi ikiwa Jumamosi wanapewa siku ya wiki badala yake, kwa hiyo Disemba 2021 wao walipumzika Jumatatu 27 na Jumanne 28. Simu ya mtu ikiwa imewekwa sikukuu za huko anapiga skrinshoti anatuma kwa grupu la kazini, na hapo mjadala unaanza wa watu arobaini kuhusu siku ambayo kwetu haipo.

Onyo: mkataba wenu unaweza kuwapa fidia ya Jumamosi, kuna kampuni zinafanya hivyo. Hiyo ni zawadi ya mkataba, usiitafute kwenye sheria.

## Hatua ya 3: Sogeza zile za duara

Sheria inasema hivi kwa kifupi: sikukuu ya orodha kuu (ile ya nchi nzima) ikiangukia Jumapili, siku ya kwanza inayofuata AMBAYO SI SIKUKUU ndiyo inakuwa sikukuu, na ile Jumapili inaacha kuwa sikukuu. Isome tena polepole, maneno mawili pale ndio yanaleta shida zote.

### Neno la kwanza: "ambayo si sikukuu"

Watu wamekariri "ikiwa Jumapili, basi Jumatatu". Mara nyingi ni kweli. Lakini chukua Krismasi 2022, ilikuwa Jumapili. Jumatatu 26 tayari ni Boksing Dei, ina mwenyewe. Kwa hiyo Krismasi inaruka kiti kilichokaliwa inaenda kukaa Jumanne 27. Ni kama matatu, ukikuta kiti kina mtu huwezi kumkalia mapajani, unasonga nyuma.

Ndio maana nilisema andika siku zote kwanza kabla hujasogeza hata moja. Ukianza kusogeza kabla kalenda haijajaa utaweka sikukuu mbili kwenye siku moja na hutagundua mpaka watu wameshapanga safari ya kwenda ocha.

Krismasi itaangukia Jumapili tena 2033, kwa hiyo mko na muda wa kujiandaa.

### Neno la pili: "inaacha kuwa sikukuu"

Hili lilinigharimu mwenyewe. Disemba 2021 nilikuwa napanga mishahara ya kampuni moja ndogo, Jamhuri ikawa Jumapili 12, fidia Jumatatu 13. Mimi nikalipa dabo siku zote mbili kwa kila aliyeingia. Bosi alipoona jumla akaniita, akaweka ile karatasi mezani akaniambia nimuonyeshe mahali pameandikwa Jamhuri ni siku mbili. Sikuweza. Sikukuu ni moja, imehama Jumapili imeenda Jumatatu, haikujigawa.

Usichanganywe na sherehe za serikali. Madaraka 2025 ilikuwa Jumapili, gwaride likafanyika Homa Bay siku hiyo hiyo ya Jumapili, lakini siku ya kutoingia kazini ikawa Jumatatu 2 Juni. Mashujaa 2024 vivyo hivyo, sherehe Kwale Jumapili 20 Oktoba, mapumziko Jumatatu 21. Gwaride linafuata tarehe, mapumziko yanafuata sheria.

### Tufanye 2027 pamoja

Huu mwaka una kila kitu:

- 1 Mei ni Jumamosi. Inabaki hapo.
- 10 Oktoba ni Jumapili. Inaenda Jumatatu 11.
- 12 Disemba ni Jumapili. Inaenda Jumatatu 13.
- 25 Disemba ni Jumamosi. Inabaki.
- 26 Disemba ni Jumapili. Inaenda Jumatatu 27.

Nakuambia sasa hivi kuna mtu atadai Jumanne 28 Disemba 2027 pia ni ofu "kwa sababu ya Krismasi". Hapana. Krismasi iko Jumamosi, haijaenda popote.

Na ujanja mdogo: kwa tarehe hizi zisizohama, kalenda ya 2027 ni sawa kabisa na ya 2021. Kama mlihifadhi rota ya 2021 itoeni, nusu ya kazi imeisha. Pasaka na Idd tu ndio ziko tofauti.

Umefaulu ukiona: kila duara limekatwa, na siku mpya ina jina la sikukuu lililoandikwa juu yake. Hakuna siku yenye majina mawili.

## Hatua ya 4: Sasa chukua penseli, weka zinazotembea

Idd-ul-Fitr iko kwenye orodha ya nchi nzima. Idd-ul-Azha kisheria iko kwenye orodha ya Waislamu, na Diwali iko kwa Wahindu, ingawa miaka ya karibuni serikali imekuwa ikiitangaza Idd-ul-Azha kwa wote mara nyingi. Penseli kwa sababu ya mwezi, Idd inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na siku kamili haijulikani mpaka mwezi uonekane.

Idd-ul-Fitr ya 2027 weka penseli karibu na 10 Machi. Idd-ul-Azha katikati ya Mei.

Sasa tufike kwenye mgongano wenyewe, sikukuu mbili tarehe moja. Zile za kalamu haziwezi kugongana zenyewe kwa zenyewe, ni Idd na Diwali tu zinazoweza kuja kukaa juu ya nyingine, pamoja na siku za ghafla za hatua inayofuata.

Zikigongana siku ya kawaida ya wiki sheria inawapa nini? Hakuna kitu. Kifungu cha kusogeza kinaongelea Jumapili peke yake. Mbili zikikaa Jumanne moja mnapata Jumanne moja, na mkitaka siku ya ziada ni mpaka waziri wa usalama wa ndani aitangaze kwenye Gazeti Rasmi.

Mfano mzuri wa mbele: kwa hesabu za kalenda ya Kiislamu Idd-ul-Fitr ya 2034 inakadiriwa kuwa karibu na 12 Disemba, yaani Jamhuri Dei, ambayo mwaka huo ni Jumanne. Mwezi ukikubali hivyo, mtu hapati siku mbili kwa sheria ilivyo sasa.

Wa nyuma: Diwali ya 2025 Wahindu wengi waliisherehekea 20 Oktoba, ikakaa juu ya Mashujaa. Mfanyakazi Mhindu ambaye mwaka mwingine angepata siku mbili, mwaka ule akapata moja. Hakuna aliyemdhulumu, ndivyo sheria ilivyoandikwa.

Afrika Kusini walipata hii mwaka 2008, Ijumaa Kuu ikaangukia 21 Machi ambayo kwao ni Siku ya Haki za Binadamu. Sheria yao nayo inasogeza ya Jumapili tu, kwa hiyo ilibidi rais atangaze 2 Mei kuwa sikukuu ndio watu wasipoteze. Kwa hiyo tatizo si letu peke yetu.

Kuna pia mgongano wa karibu, unaochanganya zaidi ya ule wenyewe. Mei 2022: Leba Dei Jumapili 1, fidia Jumatatu 2, halafu Idd ikatangazwa Jumanne 3. Kuna watu walidhani Jumanne ndio fidia ya Leba Dei na Idd ni siku nyingine bado inakuja. Ukiandika jina la sikukuu juu ya kila siku kama nilivyosema hatua ya 3, hili halikupati.

Onyo: usimwambie mtu "Idd ni Ijumaa" wiki mbili kabla. Mwambie "inatarajiwa Ijumaa, subiri tangazo". Waislamu wenyewe wengine wanaweza kuswali siku moja kabla ya ile iliyotangazwa, na wewe kwa mambo ya mshahara unafuata ya Gazeti. Mtu akiomba ruhusa aende kuswali mpe, hiyo ni heshima tu.

## Hatua ya 5: Acha nafasi ya siku za ghafla

Waziri ana nguvu ya kutangaza siku yoyote. Jumatatu 13 Novemba 2023 tulipewa ya kupanda miti. Ijumaa 10 Mei 2024 tena, kupanda miti na kukumbuka waliokufa na mafuriko. Siku ya uchaguzi mkuu 9 Agosti 2022 pia. Ijumaa 17 Oktoba 2025 ilikuwa ya mazishi ya kitaifa ya Raila Odinga, na Jumatatu yake ikawa Mashujaa, kwa hiyo mwenye kupanga zamu alikuwa na siku chache sana za kugeuza kila kitu.

Uchaguzi mkuu unaofuata kikatiba ni Jumanne ya pili ya Agosti, 10 Agosti 2027. Weka penseli.

Kuhakikisha tangazo ni la kweli:

1. Tafuta namba ya notisi ya Gazeti. Barua nzuri yenye nembo bila namba bado sijaiamini.
2. Soma tarehe NA siku ya wiki, zilingane. Matangazo feki mara nyingi yanakosea hapa.
3. Angalia mwaka. Kila Disemba kuna barua ya miaka ya nyuma inafufuka kwenye WhatsApp.
4. Angalia ni ya nani: nchi nzima ama dini fulani.

Umefaulu ukiona: kila alama ya penseli iligeuzwa kalamu kwa sababu ulisoma notisi, sio kwa sababu uliambiwa.

## Hatua ya 6: Weka rota juu ya kalenda

Sheria inasogeza sikukuu iliyogongana na Jumapili. Haisogezi iliyogongana na ofu YAKO. Kama ofu yako ni Jumatatu na fidia imekuja Jumatatu, ile sheria ya sikukuu haina habari na wewe. Hapo unafungua mkataba, na kama mkataba umenyamaza muulize mwajiri kabla ya mwezi kuisha, baada ya mshahara kutoka ni ugomvi.

Kwa wanaoandika mikataba: Sheria ya Ajira ya 2007 inataka maelezo ya likizo, sikukuu na malipo yake yaandikwe vizuri kiasi kwamba mtu anaweza kupiga hesabu mwenyewe. "Atapata sikukuu zote kwa mujibu wa sheria" haitoshi. Andika sentensi moja tu kuhusu ofu ikigongana na sikukuu, utanishukuru.

Likizo nayo: ile ya mwaka ni siku zisizopungua 21 za KAZI. Sikukuu ikiangukia katikati ya likizo ya mtu usiihesabu kama siku ya likizo. Mtu akichukua likizo Jumatatu 6 mpaka Ijumaa 17 Disemba 2027, kwa wanaofanya kazi siku tano, ametumia siku 9, sio 10, kwa sababu tarehe 13 ni sikukuu.

## Hatua ya 7: Piga hesabu ya mshahara

Tuchukue kijana wa stoo, mshahara wa msingi shilingi 22,500, analipwa kwa mwezi, ofu yake ni Jumatano. Aliingia Jumapili 12 na Jumatatu 13 Disemba 2027, saa 8 kila siku.

Agizo la jumla linasema kama halipwi kwa saa, saa moja isihesabiwe chini ya 1/225 ya mshahara wa mwezi. Kwa hiyo 22,500 gawa kwa 225 ni shilingi 100 kwa saa.

Jumapili 12: sikukuu imeshahama, na ofu yake ni Jumatano, basi hii ni siku ya kawaida. Hakuna nyongeza.

Jumatatu 13: hii ndio sikukuu. Kazi ya sikukuu au ya siku ya mapumziko ni mara mbili, 200 kwa saa, mara 8 ni 1,600.

Badilisha kitu kimoja: ofu yake iwe Jumapili. Sasa Jumapili 12 nayo ni dabo, sababu ni kwamba umemuita siku yake ya kupumzika, Jamhuri haihusiki. Kiwango ni kile kile cha dabo lakini kwenye payslipu andika sababu sahihi, mkaguzi wa leba akija anaangalia hiyo.

Onyo: kama sekta yenu ina agizo lake au mna mkataba wa pamoja, anza na huo. Na andikeni wazi kama hiyo 1,600 inaongezwa juu ya mshahara wa mwezi mzima au siku yenyewe tayari imo ndani, hapa nimeona watu wa ofisi moja wakinuniana wiki mbili.

## Hatua ya 8: Angalia dedilaini

Haraka haraka. Kwa muda unaowekwa na sheria zilizoandikwa, kanuni ya kawaida ni kwamba siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, unafanya siku ya kazi inayofuata. Na kama muda wenyewe hauzidi siku sita, sikukuu zilizo katikati hazihesabiwi.

Kodi usiitegemee hii, sheria ya kodi ina hesabu yake. VAT ya Septemba mwisho ni 20 Oktoba, na 20 Oktoba ni Mashujaa miaka yote mpaka mwisho wa dunia. Tuma mapema.

## Hatua ya 9: Bandika tangazo

Kalenda nzuri iliyo kwenye droo yako haimsaidii mtu. Wiki mbili kabla, bandika karatasi mlangoni na uitume kwa grupu, fupi namna hii:

*"Jamhuri Dei imeangukia Jumapili 12 Disemba. Mapumziko ni JUMATATU 13 Disemba. Jumapili 12 ni zamu ya kawaida kama ilivyo kwenye rota. Watakaoingia Jumatatu majina yako chini, watalipwa mara mbili. Jumanne 14 wote kazini saa mbili asubuhi."*

Ile sentensi ya mwisho usiisahau. Mimi niliisahau mwaka mmoja, na Jumanne saa tatu tulikuwa watu wawili ofisini, mimi na mama wa chai.